Mchawi wa Alhamisi

Duluth. Theluji imefika dirishani.
Kwenye runinga mchawi amnyonya nguvu
kijana anayepaa, amwacha sakafuni,
kisha arudi kumfunika koti.

"Mwizi," asema Solveig, mdomo umejaa bisi.
"Na koti je?"
"Danganya toto."

Narudisha nyuma. Tazama kidole gumba:
kinasita kwenye kola, kama cha mtu
anayetafuta kifungo kilichokatika.
Huruma? Au anapima kama bado anapumua?
Huenda hata waliomtunga hawajui.

"Mama, ungekuwa wewe?"

Barua saba za baba yake
zimo kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati.
Nilizificha asiumie.
Nadhani.

Nabonyeza kitufe. Mchawi aondoka.
Koti halimfiki kijana miguuni.