Kwangu Yaenda

Ghorofani Langoni, meza moja, kompyuta tatu:
ya Lali Windows, ya Swabra Mac,
ya Twaha Linux, aliyoiokota jaani.
"Kwangu yaenda," kila mmoja huapa,
na zahanati ya Kizingitini
bado yangoja hesabu ya dawa.

Kwa Lali mkwaju huinama kushoto.
Kwa Swabra, Picha na picha ni mtu mmoja;
kwa Twaha, ndugu wawili wasioamkiana.

Usiku wa tatu Swabra akaandika faili,
maagizo kama ya pilau:
kwanza hiki, toleo hili, si jingine.
Wakafuta vyote. Wakaanza sawa.

Alfajiri kosa likazuka,
mstari wa arobaini,
lile lile, kwa wote watatu.
Twaha akacheka mpaka chozi likamtoka.
"Sasa hili," akasema, "ni kosa letu."