Kwa Sharti Kwamba

Punguza: ndivyo kila swali lake linavyoanza.
Punguza mabehewa, punguza saa za malipo,
punguza treni tupu zinazorudi gizani bila mtu.
Kisha, chini yake, kwa sharti kwamba,
na hapo Wietske hujaza kurasa.

Kwa sharti kwamba dereva ale kabla ya saa ya tano kazini.
Kwa sharti kwamba jukwaa la saba lisipokee mbili kwa pamoja.
Kwa sharti kwamba treni iliyolala Enschede iamkie Enschede,
maana chuma hakioti mabawa usiku.
Kila jambo ni sifuri au moja:
Sjoerd yumo zamu ya alfajiri, au hayumo.
Hakuna labda, hakuna tutaona.

Nje, Zwolle imemezwa na ukungu wa Novemba.
Mashine inatafuta tangu saa mbili,
inapanda mti wa hesabu, inakata tawi,
inashuka, inakata jingine,
hadi saa nane na dakika sita inatema jibu:
treni kumi na nne, si kumi na tano.

Jibu zuri. Linameta kama kisu kipya.
Wietske analipitia kwa kidole
kama apembuaye mchele wa duka asiloliamini.
Mshika mawili, moja humponyoka;
hii imeshika elfu arobaini. Kipi kimeponyoka?

Hiki hapa.
Ya mwisho kutoka Leeuwarden inaingia saa tano na dakika arobaini na moja.
Ya Ommen inaondoka na arobaini.
Abiria wanaobadilisha, kwa wastani: mmoja nukta mbili.

Huyo mmoja anamjua.
Ni Geesje, apigaye deki vyumba vya upasuaji kule Meppel,
mwenye begi la kijani na kikohozi cha klorini.
Alimwona mwaka jana, siku ya machelewa,
akikimbia jukwaani, viatu mkononi,
na taa nyekundu za nyuma zikipungua,
zikipungua.

Anaongeza sharti: dakika nne.
Feni ya mashine inavuma upya. Kumi na tano.

Jumatatu Harmen wa bajeti atataka maelezo.
Kwenye kisanduku anaandika Sababu,
anaweka nukta mbili,
na kishale kinapepesa, kinapepesa,
huku yeye akitafuta kofia yake ya baiskeli.