Napakua

Kila siku saa mbili usiku wanakata bei.
Sitini imepigwa mstari katikati,
chini yake mbili na senti tisini na tisa,
na pembeni saa inahesabu kurudi nyuma
kama mtoto wa kombolela aliyefumba macho ukutani.
Ukichelewa, umekombolewa.

Niko Mabatini, chumba cha uani.
Kompyuta nimeiunga mwenyewe, kipande huku kipande kule,
feni yake inakoroma kama mjomba Masalu
akishashiba.
Nimenunua saa mbili na dakika nne.
Elfu saba na mia mbili zimetoka kwenye simu,
ujumbe ukaingia,
nikaufuta kabla haujapoa.
Sasa nasubiri saa sita, bando la usiku lianze.

Mama anauza sato Mwaloni.
Asubuhi hashuki hata mia.
"Funua mashavu uone, mekundu hayo! Unataka aongee?"
Saa tisa anashuka elfu moja.
Saa kumi na mbili, nzi wakishamzoea samaki,
anasema, "Chukua, baba, nipe ulichonacho,"
na anayechukua anajua kwa nini anapewa.

Siku moja alisimama nyuma yangu,
anafuta mikono kwenye kanga,
macho kwenye kioo, kwenye ile sitini iliyochorwa.
"Hicho nacho kimelala?"
"Hakilali, Mama. Mchezo hauozi.
Hata miaka kumi utaukuta vilevile."
"Basi mbona wanautupa?"

Nikafungua mdomo.
Nikaufunga.
Hauhitaji barafu, nzi hawaujui,
sitini imekuwa mbili
na hakuna kinachonuka.

Ninayo mia moja na kumi na minne.
Nimefungua tisa.
Kuna mji wa mawe niliouacha bila maji,
wenyeji wake sijui wanakunywa nini.
Kuna trekta jekundu katikati ya ngano
linanisubiri tangu Pasaka.
Mmoja nimeununua mara mbili,
duka hili na duka lile,
kwa kuwa nilisahau, na kwa kuwa ilikuwa rahisi.
Rahisi huvunja upishi, wanasema,
lakini mimi hata jiko sijawasha.

Na huu wa leo, nitasema tu,
ni mchezo wa kuvua samaki.
Ziwa la huko kwenye theluji, samaki wenye majina ya kukwaruza koo,
ndoana aina sitini na mbili.
Ziwa lenyewe liko dakika kumi na tano kwa miguu,
harufu ya dagaa inalala nami shuka moja.

Saa tatu Nkwimba alipita mlangoni.
"Kaka, njoo, tunapakua."
"Hata mimi napakua," nikasema, ingawa bado,
na akacheka, akaenda zake na mwiko.

Saa sita. Asilimia nne.
Saa saba, ishirini na sita.
Radi upande wa Ukerewe, mbali, kama mtu anaburuta kabati.
Saa nane, hamsini na moja.
Nasinzia, nashtuka, naangalia namba,
mvua inaanza kidogokidogo kwenye bati,
sitini na nane,
sabini na tatu,
sabini na nne.

Feni ikanyamaza.
Mtaa mzima ukanyamaza,
kisha mbwa wa kwa Bugumba, kisha mvua yenyewe.

Nilibaki nimeshika kipanya gizani
mpaka saa kumi, mlango wa Mama ulipolia.
Tochi mdomoni, anafunga kanga kiunoni,
ndoo zake mbili zinagongana.
Akaupitisha mwanga usoni mwangu, kwenye kioo cheusi,
akaushusha.
"Chako nilikipakua saa tatu," akasema.
"Kiko juu ya meza. Kimelala."

Nikala kwa kupapasa.
Ugali umekuwa jiwe,
sato wa bei ya jioni,
mtamu bado, upande mmoja.