Sekunde Thelathini za Chumba

Kabla ya wimbo, Fundi Ezaruku alirekodi chumba.
Sekunde thelathini. Pasiwe na kikohozi,
kiatu kisisugue sakafu.
"Kila chumba kina ukimya wake," alisema,
"na ukimya wa kuazima hauzibi pengo."
Sisi wanafunzi tulitazamana, tukabana kicheko.

Lilikuwa ghala la tumbaku zamani, nyuma ya soko la Arua.
Kuta bado zilinuka majani makavu.
Alizivika magodoro yaliyotupwa na hospitali,
mablanketi, na trei za mayai nilizomletea mimi.
Ndivyo nilivyoingia: muuza mayai
aliyeulizwa mlangoni,
"Mayai yakiisha, trei unazipeleka wapi?"

Siku hizo umeme ulikuja saa moja jioni,
saa sita usiku ukaondoka bila kuaga.
Mji mzima ukikimbilia pasi na redio,
yeye alikuwa na saa tano za kuokoa sauti za watu.

Alinifundisha kukunja kebo kabla ya kunionyesha kitufe.
"Usiizungushe kiwikoni kama kamba ya mbuzi.
Waya una kumbukumbu. Fuata ulivyozoea kulala."
Mwezi mzima nilikunja, nikakunjua, nikakunja.
Nilimchukia kidogo.
Niseme kweli: nilimchukia sana.

Kisha akaja Bibi Eyotaru, kwa miguu kutoka Maracha,
na wimbo wa kusagia mtama
ambao wenzake wote walikuwa wamekwenda nao kaburini.
Mvua ikashuka juu ya mabati.
Fundi akazima mashine, akabandika chai.
Mvua ilipokatika, umeme nao ukakatika.
Akampa bibi kitanda chake,
akalala juu ya meza kati ya spika mbili,
miguu nje, kama ubao uliozidi kipimo.

Kesho yake bibi alikosea mara kumi na moja.
Nilihesabu. Kila mara Fundi alijipiga paji la uso:
"Aa, mama, mashine yangu hii! Samahani. Turudie."
Mashine ilikuwa nzima kama yai.
Mara ya kumi na mbili bibi aliimba
akiwa ameihurumia mashine.

Daftari la madeni tulilifungua baada ya matanga.
Ongiertho wa Nebbi, adungu ya nyuzi tisa: amelipa.
Kwaya ya Mvara, ambayo mpaka leo haijatoa hata senti: amelipa.
Kurasa kumi na nne, wino ule ule,
mwandiko wa usiku mmoja,
mkono ukitetemeka kadiri ulivyoshuka.
Na jina langu, ambalo sikujua kama limo:
mafunzo, miaka mitatu. Amelipa, mayai.

Siku ya kumzika nilisimama nikipima kwa macho
maiki ingekaa wapi:
mbali na jembe, karibu na dada zake,
upepo ukiwa mgongoni.
Nikaona aibu. Halafu nikaona
kwamba ni yeye aliyekuwa akipima.

Nimetafuta sauti yake kwenye kanda zote.
Hakujirekodi kamwe, mtu yule.
Kuna "Wimbo wa pili, mara ya nne,"
kuna "Tayari, mama?", basi.
Mpaka usiku mmoja nikavaa hedifoni,
nikapandisha sauti kwenye zile sekunde thelathini:
kiti kinalia kidogo,
pua inavuta hewa taratibu,
saa ya mkononi inatembea karibu na maiki.
Miaka yote hiyo nilidhani ni chumba.

Jana kijana wangu mpya, Draku, mwepesi wa vidole,
aliniuliza, "Hapa mwanzoni hakuna kitu. Nikate?"

Nikamwambia akunje kebo.