Mumiani wa Kondele

Kitabuni hakuwa na uso,
nikamwazimia wa Odera, yule wa duka la dawa Kondele,
mwenye vidole baridi vya kuhesabia vidonge.
Kurasa nne nzima aliikaribia shingo
asiiguse.
Nilisoma ndani ya chandarua, tochi mdomoni,
mbu wakilalama nje kwa wivu.

Jana Apondi kaniletea filamu.
Mumiani kapakwa unga kama kibao cha chapati,
kang'ata kabla chai yangu haijapoa,
muziki ukatuamuru kulia.
Apondi akalia.

Mimi nilikuwa namtafuta Odera
hadi majina yote yakapanda,
kioo kikawa cheusi, nikajiona mwenyewe
nimeshika shingo.

Leo asubuhi nimekwenda kununua dawa ya kichwa.
Kichwa hakiniumi.