Hatua Arobaini na Nne

Gari ni la shangazi Nyevu, Probox kuukuu,
miaka saba imebeba mayai ya Kakuyuni
hadi mahoteli ya Casuarina, na bado inanuka manyoya.
Bango la mwanafunzi tumelifunga kwa kamba ya katani;
gundi za Malindi hazidumu, hewa ina chumvi.

"Mkanda," husema. "Kioo. Kioo tena."
Shangazi hana methali. Ana mayai:
trei kumi na mbili nyuma, na mimi mbele,
miaka kumi na minane na wiki tatu.

Juzi injini ilinizimikia mara sita penye mzunguko,
tuktuk zote zikanililia kwa honi,
dereva mmoja akatoa kichwa:
"Bibi harusi, utafika lini?"

Lakini leo! Leo klachi na mguu wangu
wamesikilizana kama ndugu waliogawana urithi bila kesi.
Tuko njia ya Mambrui, kabla ya daraja la Sabaki,
mshale uko sitini, dirisha wazi,
na simu, niliyoambiwa niiache nyumbani,
iko chini ya paja langu.

Ikatetemeka.
Nikainamisha macho.
Basi, hivyo tu.

Shangazi hakupiga kelele.
"Simama kando," alisema, na nilipokanyaga breki
kitu kikalia *kwach* huko nyuma.
"Uliinama pale kwenye mnazi usio na kichwa.
Ukainuka hapa, penye nguzo ya saruji.
Nenda kule. Urudi ukihesabu."

Jua la saa tano. Nikaenda. Nikarudi nikihesabu.

Moja mpaka tisa: lami tupu, inapumua joto.
Kumi na moja: shimo, pana kama karai.
Sikulijua. Tairi lilijua.
Ishirini: kijia kinakata barabara,
kimechongwa na miguu midogo inayokwenda shule,
na ndala moja ya bluu, ya kushoto, imelala ubavu.
Nilisimama hapo. Nikasahau nimefika ngapi, nikarudi mnazini,
nikaanza upya.

Thelathini na moja: mama anakaanga viazi,
kigoda chake hatua mbili tu kutoka lami.
"Umepoteza nini, mwanangu?"
Sikuwa na jibu fupi.

Arobaini, nikasikia nyuma yangu
sauti kama ya mtu anafagia uwanja:
mvulana juu ya baiskeli, amefunga makuti,
ncha zake zinaburuta chini, zinaandika vumbi.
"Dada, gari limekufa?"
"Hapana," nikasema. "Ni zima."
Akacheka, akapita, akanyanyua mkono
bila kugeuka, kwa uvivu wa mtu
ambaye siku yake haijatokewa na lolote.

Arobaini na nne. Nguzo.
"Huyo ulimpita," alisema shangazi.
"Sikumwona."
"Najua."

Simu ikaenda nyuma, ndani ya trei tupu,
ikafunikwa kwa trei nyingine, kama yai viza.
Daraja tulilivuka kwa arobaini.
Mto ulikuwa mwekundu, umejaa udongo wa bara;
nadhani. Shangazi ndiye aliyeniambia,
mimi nilikuwa natazama mgongo wa lori.

Mambrui tulihesabu: limepasuka moja.
Akalikata kwenye posho yangu, shilingi ishirini,
akanipa risiti.

Usiku, kitandani, ndipo nikausoma ujumbe.
Ni wa Haluwa. Maneno mawili:
*Uko wapi?*

Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena:
nipo nyumbani sasa.
Ila saa ile uliponiuliza, Haluwa,
sikuwepo popote.