Mkwaruzo

Niliikuta Mlango Mmoja, juu ya meza ya muuza vyuma,
imefunika kopo la kupimia dagaa.
"Kifuniko hicho elfu mbili," akasema.
Sikubishana. Nilikifuta kwa pindo la shati:
magamba, vumbi, mafuta ya taa,
na chini yake weusi ukaanza kung'aa
kama mawe ya Kirumba mvua ikikatika.

Mnaniuliza ninakusanya nini. Safari.
Santuri hizi zilipandia meli Kisumu,
zimelazwa kwenye makasha ya chai,
zikashuka bandarini kwetu msimu wa pamba,
siku ambazo mkulima wa Magu alirudi kwake
na baiskeli mpya, na sahani tatu kwapani,
bila mashine ya kuzipigia.
Mashine itakuja mwakani, alisema.
Mwakani bei ya pamba ikaanguka.

Halafu ikaingia kaseti,
ikaingia kama sangara ziwani:
ikawameza furu wote, wenye mistari na wenye madoa,
na sisi ukingoni tukashangilia mnofu.

Shangazi Ng'walu alikuwa mgeuza sahani
katika baa ya Ludigija, Kirumba.
Alilipwa kwa wiki, na soda moja kila usiku.
Kazi yake ilikuwa sindano, kuishusha
kama unavyomlaza mtoto aliyekwisha kusinzia.
Hadi usiku ule mabaharia wawili waliposhikana,
meza ikaenda, sindano ikapita kwaruu!
katikati ya ubeti wa pili.

Tangu hapo wimbo uliruka palepale.
Gitaa lilianza kupanda kilima
likajikuta liko ng'ambo.
Ludigija alitaka kuitupa. Wachezaji wakakataa.
Walikwishaugeuza ule mruko kuwa mtindo:
ukumbi mzima, hatua moja ya pembeni,
kama watu wanaovuka mfereji.
Mgeni ulimjua hapohapo,
amebaki peke yake upande wa huku.

Miaka kumi na moja niliutafuta wimbo huo.
Bukoba, kwa mtoto wa karani mmoja marehemu,
nikapata nakala safi ndani ya jalada lake,
nikailipa kwa pesa ya bati la jikoni.
(Mke wangu bado analitaja kila masika.)
Nikapanda nayo ngazi za mawe za Igogo.
Shangazi akasikiliza, goti lake baya limenyooshwa.
Ubeti wa pili, mguu mzima ukainuka,
ukangoja,
ukabaki hewani bila pa kutua.
"Wamekosea," akasema. "Sio huu."

Sasa hili la dagaa.
Kwenye karatasi ya katikati, kwa wino uliofifia:
Ludigija, 14.
Nikaliosha kwa sabuni ya kipande, nikapanda tena Igogo.

Likakwama mara ya kwanza. La pili. La tano.
Shangazi akakunja uso kwa kila mkwaruzo asioutambua.
"Hawa wageni," akanung'unika, "wameingia lini?"
Chumba kikanukia samaki.
Ukafika ubeti wa pili, gitaa likashika kilima,
nami nikainama kuangalia sindano.
Nilipoinua macho
bega la shangazi lilikuwa tayari ng'ambo.

Ile safi huwa naiazimisha watu.
Hii haitoki nyumbani.